Namna ya Kushiriki Mjadala wa Shule za Umma Texas: Mwongozo kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili

Shule za Texas zilipofunguliwa Agosti 2025, mama mmoja wa jumuiya yetu alikwenda kwa mwalimu mkuu kudai binti yake aruhusiwe kubaki na simu darasani. Hoja yake haikuwa ya ovyo: anafanya kazi zamu ya usiku, na kwa simu ile ndiyo hujua kama mtoto amepanda basi. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza kwamba hana mamlaka ya kubadili chochote, na mama yule akaondoka akiamini amedharauliwa. Kumbe alikuwa amebisha hodi mlango usio wenyewe. Marufuku ya simu wakati wa masomo haikutungwa na shule wala na wilaya. Ilitokana na muswada HB 1481, uliopitishwa mwaka huo na Bunge la jimbo mjini Austin, na kila shule ya umma ililazimika kuufuata. Maneno yake yangekuwa na uzito wakati muswada ulipokuwa bado mbele ya kamati. Kufikia Agosti, ilikuwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Wengi wetu tumetoka katika nchi ambako mambo ya elimu huamuliwa na wizara moja iliyopo mji mkuu. Tukifika huku tunaitafuta wizara hiyo, na tusipoiona tunamlaumu rais au mwalimu wa darasa, ambao kwa mambo mengi yanayotukera ndio wenye uwezo mdogo kabisa wa kuyabadili. Kwa hiyo, kabla ya kujifunza namna ya kusema, ni lazima ujue unamwambia nani.

Nani anaamua nini

Bunge la Texas lina mabaraza mawili, Seneti yenye watu 31 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 150. Hilo ndilo linalotunga sheria za shule na kugawa fedha za jimbo. Gavana husaini au kukataa miswada, na yeye ndiye anayemteua kamishna anayeongoza wakala wa elimu wa jimbo, unaofahamika kwa herufi zake TEA. Kando ya hao ipo Bodi ya Elimu ya Jimbo yenye wajumbe 15 wanaochaguliwa na wananchi. Hiyo ndiyo huamua mwanafunzi afundishwe nini katika kila somo na kupitisha vifaa vya kufundishia. Novemba 2024, kwa kura 8 dhidi ya 7, bodi hiyo ilipitisha mtaala wa kusoma wa shule za msingi wenye visa vingi vya Biblia, na kuziachia wilaya hiari ya kuutumia au kutoutumia. Kura moja tu ilitofautisha pande mbili, na bado ukiwauliza wazazi kumi jina la mjumbe wao wa bodi hiyo, huenda usipate hata mmoja anayelijua.

Chini ya jimbo kuna wilaya za shule zaidi ya 1,000. Kila moja huwa na bodi yake ya kuchaguliwa, mara nyingi yenye wajumbe saba, na bodi hiyo huajiri msimamizi mkuu wa wilaya, hupitisha bajeti, hupanga kalenda, na huamua shule ipi ifungwe na ipi ijengwe. Basi la mtoto wako likichelewa kila siku, hilo ni la wilaya. Ukichukizwa na namna historia ya Afrika inavyofundishwa au isivyofundishwa, anza na Bodi ya Elimu ya Jimbo. Mishahara ya walimu inagusa milango miwili, kwa sababu Bunge hutoa fedha na wilaya hupanga viwango.

Wakazi wa Houston na Fort Worth wana jambo jingine la kuangalia. Juni 2023 jimbo liliichukua wilaya ya shule ya Houston na kuweka mameneja wa kuteuliwa mahali pa bodi iliyochaguliwa, na Oktoba 2025 kamishna alitangaza kwamba Fort Worth nayo itachukuliwa. Katika wilaya ya namna hiyo bado unaweza kusimama na kusema kikaoni, lakini wanaokusikiliza hawakuwekwa na kura yako, na wanawajibika kwa kamishna. Hapo inafaa barua unayoiandikia wilaya iwe na nakala kwa mwakilishi wako wa Bunge la jimbo.

Soma fedha kabla ya kusoma hotuba

Vipaumbele vya elimu huonekana kwenye bajeti kuliko kwenye hotuba yoyote, na bajeti ya shule za Texas husimama juu ya namba moja inayoitwa fungu la msingi, yaani kiasi cha kuanzia kwa kila mwanafunzi, ambacho baadaye huongezwa kulingana na mahitaji yake. Tangu 2019 fungu hilo lilikuwa dola 6,160, nalo halikuguswa katika miaka yote ambayo bei ya chakula, bima na mafuta ya mabasi ilikuwa ikipanda. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha muswada HB 2 wenye takriban dola bilioni 8.5 kwa ajili ya shule za umma, lakini fungu la msingi lenyewe liliongezwa dola 55 tu. Sehemu kubwa ya zile bilioni ilipangiwa matumizi maalumu, hasa nyongeza ya mishahara ya walimu kwa kufuata uzoefu wao na ukubwa wa wilaya. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba jimbo limetoa mabilioni, na mwingine akakuambia kwamba shule zimeongezewa dola 55 kwa mtoto, usimwite yeyote kati yao mwongo. Muulize kila mmoja anazungumzia fungu lipi.

Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba Texas huzilipa wilaya kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, si kwa idadi ya walioandikishwa. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, mwalimu huweka alama ya nani yupo. Mtoto aliyebaki nyumbani ili amtafsirie bibi yake hospitalini hahesabiwi siku hiyo, ingawa taa za darasa zinawaka na mwalimu wake analipwa vilevile. Siwaambii wazazi wasiende na watoto hospitalini. Lakini mtu anayesimama mbele ya bodi kulalamikia upungufu wa walimu ajue kwamba swali la mahudhurio linaweza kumrudia.

Sehemu kubwa ya fedha inayotoka katika wilaya yenyewe hutokana na kodi ya ardhi na majengo, kwa kuwa Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Anayepanga nyumba naye huichangia, maana mwenye nyumba huiingiza kwenye pango, na kwa sababu hiyo usikubali kuambiwa kwamba mpangaji hana sauti katika jambo hili. Wilaya zenye majengo ya thamani kubwa kuliko wanafunzi wake hulazimika kurudisha sehemu ya makusanyo, utaratibu uliowekwa mwaka 1993 na ambao watu wameupa jina la Robin Hood. Kuna pia hati fungani, yaani mikopo ya wilaya, ambazo wapiga kura huulizwa kama waziidhinishe. Fedha zake ni za majengo, mabasi na vifaa, wala haziwezi kulipa mishahara. Nimeshasikia mara nyingi baada ya ibada mtu akinung'unika kwamba wilaya inajenga uwanja wa mpira huku ikipunguza walimu. Manung'uniko hayo yanaeleweka, ila fedha za uwanja na fedha za walimu hukaa katika vibweta viwili vyenye funguo tofauti, na mjumbe wa bodi atakujibu hivyo kwa sentensi moja kisha akuketishe.

Fomu ya lugha ya nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojipunja wenyewe. Siku ya kumwandikisha mtoto shule utapewa fomu inayouliza lugha inayotumika nyumbani. Wazazi wengi huandika Kiingereza, wakiogopa mtoto atatengwa au ataonekana mgeni. Jibu hilo ndilo linaloamua kama mtoto atapimwa Kiingereza chake. Mtoto anayetambuliwa kuwa bado anajifunza Kiingereza, akiingia katika programu ya kumsaidia, huiletea wilaya nyongeza ya asilimia 10 juu ya fungu la msingi. Asiyetambuliwa haileti, na msaada wenyewe haupati.

Lipo kubwa zaidi. Sheria ya elimu ya Texas inaitaka wilaya yenye wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja, wanaojifunza Kiingereza na walio darasa moja katika wilaya nzima, itoe programu ya elimu ya lugha mbili katika ngazi ya msingi. Haikutaja Kihispania peke yake. Imesema lugha yoyote. Wilaya isiyopata walimu wenye sifa inaweza kuomba ruhusa ya kutumia njia nyingine, na kwa Kiswahili jambo hilo ni rahisi kutokea. Hata hivyo, mzazi anayeingia kikaoni na kuuliza ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili walio darasa la kwanza katika wilaya hii, na kama wilaya imeomba ruhusa hiyo, ameuliza swali lenye jibu la namba. Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa. Lakini kama watoto 15 kati ya 30 waliandikwa kuwa ni wa Kiingereza, swali limekufa kabla hujasimama.

Mbele ya bodi ya wilaya

Ajenda ya kikao hutangazwa siku kadhaa kabla na huwekwa kwenye tovuti ya wilaya. Isome yote, hata kama unahitaji mtoto wa sekondari akusaidie, kisha tafuta kipengele kinachogusa jambo lako na uandike namba yake. Sheria iliyoanza kutumika 2019 inailazimisha bodi kumruhusu mwananchi azungumzie kipengele kilicho kwenye ajenda, kabla hakijaamuliwa au wakati kinapojadiliwa. Utajiandikisha kwa njia ambayo wilaya yako imeiweka, ama mtandaoni ama kwa kadi mlangoni, na mara nyingi kuna saa ya mwisho ya kujiandikisha ambayo haina huruma. Unapowaarifu wenzako, waandikie saa kwa namna zote mbili, yaani 6:00 PM na saa kumi na mbili jioni. Niliwahi kuwaandikia watu «saa 6», na wawili wakafika adhuhuri.

Muda utakaopewa mara nyingi ni dakika mbili au tatu. Sheria hiyohiyo ya 2019 inasema kwamba anayezungumza kupitia mkalimani apewe walau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa pale panapotumika mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Haki hii idai mapema, unapojiandikisha, na usingoje ufike kwenye maikrofoni. Mkalimani awe mtu mzima anayezimudu lugha zote mbili, na asiwe mwanao. Mtoto akitafsiri lawama za mzazi wake mbele ya msimamizi mkuu wa wilaya hupunguza makali kwa woga, au huongeza kwa uchungu, na hata kama hakufanya hivyo ni mzigo usiomfaa.

Mbele yako kutakuwa na taa au saa inayohesabu kwa kurudi nyuma. Kwetu mtu hasimami mbele ya wakubwa akaanza kudai kabla ya kuwasalimu, kuwashukuru na kuuliza hali. Nimemwona mzee mmoja, mwenye jambo zito kabisa, akimaliza dakika yake ya kwanza akimshukuru Mungu na mwenyekiti, na kengele ikalia alipofika kwenye neno «lakini». Salamu iwe ya maneno mawili. Kisha taja jina lako, kipengele, jambo lilivyo, na unachoomba. Chukua mfano huu:

«Habari za jioni. Naitwa (jina lako). Nazungumzia kipengele cha 8, ratiba ya mabasi. Nina watoto wawili, wa darasa la pili na la nne. Mwezi wa Januari kituo chao kilihamishiwa ng'ambo ya barabara yenye njia sita, isiyo na taa ya waenda kwa miguu. Katika jengo letu familia kumi na moja zimeguswa, na siku za mvua baadhi ya watoto hukosa shule. Tunaiomba bodi irudishe kituo mbele ya jengo, au imweke mtu wa kuwavusha watoto saa moja asubuhi. Asanteni.»

Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja. Hayakumtaja dereva wala mwalimu kwa jina, na hilo ni la kusudi, kwa sababu malalamiko dhidi ya mfanyakazi fulani yana njia yake, na mwenyekiti anaweza kukukatisha. Ukizungumzia jambo lisilo kwenye ajenda, wajumbe hawaruhusiwi kulijadili. Wanaweza tu kukutajia sera iliyopo, kukupa taarifa fupi ya ukweli, au kuliweka kwenye ajenda ya kikao kingine. Watakukodolea macho na kumwita anayefuata. Mgeni huondoka hapo moyo umevunjika, akidhani amepuuzwa, ilhali wamefungwa midomo na sheria. Kesho yake waandikie barua pepe, ukiambatisha maneno uliyosoma, na uombe jibu kwa maandishi.

Kwenda Austin

Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, katika mwaka wenye namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Kikao cha 90 kitaanza Januari 12, 2027. Gavana anaweza kuitisha vikao maalumu vya hadi siku 30, lakini hapo hujadiliwa mambo aliyoyataka yeye tu. Hesabu hii ina maana kwamba jambo likikupita mwezi wa Mei, huenda ukalingoja karibu miaka miwili.

Muswada husikilizwa kwanza kwenye kamati, na hapo ndipo raia wa kawaida hupata nafasi. Vyumba vingi vya kamati vipo chini ya ardhi, katika nyongeza ya jengo la Bunge iliyofunguliwa mwaka 1993, na mtu hujiandikisha kwenye mashine zilizopo humo akieleza kama anaunga mkono, anapinga, au anazungumza bila kuegemea upande. Unaweza kusajili msimamo wako bila kusema neno. Ukitaka kusema, beba chakula, chaja na dawa zako, kwani miswada mizito ya elimu huweza kusikilizwa mpaka usiku wa manane. Asiyeweza kusafiri kutoka Amarillo, ambako ni mwendo wa saa saba au zaidi kwa gari, anaweza kutuma maoni ya maandishi kupitia ukurasa wa mtandaoni wa Baraza la Wawakilishi. Binafsi naona njia yenye faida kuliko zote ni kumtembelea mwakilishi wako katika ofisi yake ya nyumbani, miezi ambayo Bunge halikai, mkiwa watu wanne au watano wenye ombi moja. Msaidizi atakayewapokea huenda akawa kijana wa miaka 25. Msimdharau, kwa maana yeye ndiye anayeandika muhtasari ambao bosi wake atausoma.

Kutoa maoni hakuhitaji uraia. Kupiga kura kunauhitaji, na hapa sitazunguka: mwenye kadi ya ukaazi, mkimbizi, au mwenye kesi ya uhamiaji asijiandikishe kupiga kura hata akibembelezwa na mtu mwenye fomu mlangoni mwa duka. Ni kosa la jinai na linaweza kumharibia makaratasi yake yote. Haki ya mtoto kusoma ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyoanzia mji wa Tyler hapahapa Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya umma kwa sababu hana hati za uhamiaji. Waliokwisha kuwa raia wajiandikishe walau siku 30 kabla ya uchaguzi, na wasizidharau chaguzi za bodi za shule, ambazo sehemu nyingine hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei na huhudhuriwa na watu wachache mno.

Kubishana wenyewe kwa wenyewe

Mjadala mkali kuliko yote katika miaka ya karibuni ni wa fedha za umma kulipia shule binafsi, mpango ambao watu huuita vocha. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi liliukataa mpango huo kwa kura 84 dhidi ya 63, baadhi ya wajumbe wa Republican wakiungana na Democrat. Gavana Greg Abbott aliwapigia kampeni wapinzani wa wajumbe hao ndani ya chama chake mwenyewe mwaka uliofuata, kadhaa wakapoteza viti, na Mei 3, 2025 akasaini muswada SB 2 uliotenga dola bilioni 1. Ukitaka kuona siasa za jimbo zinavyoamua shule ya mtaani, hakuna somo lililo wazi kuliko hilo.

Katika jumuiya zetu jambo hili linagawanya hata nyumba moja. Wapo wanaotaka mtoto asome shule ya kanisa au ya Kiislamu na wanaona ni haki kodi yao imfuate mtoto. Wapo wanaojua kwamba shule binafsi ina uhuru wa kumkataa mwanafunzi, na wanahofu kwamba shule ya umma ya mtaani itabaki na watoto wenye mahitaji makubwa na fedha pungufu. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na ninapoendesha mazungumzo ya namna hii huanza kwa kumwomba kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba imeelezwa sawasawa. Vijana hucheka, wazee hugoma kidogo, lakini sauti hushuka. Halafu tunaandika ubaoni maswali ambayo pande zote zinataka yajibiwe: mtoto mwenye ulemavu atapokelewa wapi, nani atalipa usafiri, mtoto asiyeingia nchini kihalali amewekwa wapi katika sheria hiyo. La mwisho lina jibu tayari: hastahili fedha hizo.

Maswali hayo yaandikwe vizuri kabla ya Novemba 9, 2026, siku ambayo wabunge wataanza kuwasilisha miswada ya kikao kijacho, na nakala moja ipelekwe ofisi ya mwakilishi wenu wiki hiyohiyo.